Nafasi Moja Miguuni pa Bibi Mize

Nianze kwa kukiri. Niliwahi kumkaripia mama mmoja mbele za watu kwa sababu wanawe walicheza gemu la wafu wanaotembea. Nikamwambia amemfungulia shetani mlango. Gemu lenyewe sikuwa nimeliona hata siku moja. Mungu anisamehe, na mama yule pia. Sasa nisikilizeni, ninyi wakubwa na ninyi wadogo, maana kisa hiki kimenishinda kukiamua peke yangu.

Hapo Muheza walikuwapo wajukuu watatu, watoto wa dada watatu, wote wamemaliza kidato cha nne na wanangoja matokeo. Siwema alijaliwa vidole: alichokishika kilimtii, iwe sindano au vitufe. Mbwana alijaliwa ulimi: Kiingereza kikiingia sikioni mwake, kinatoka mdomoni Kiswahili safi, na sauti ya kila mtu akaiigiza. Chiku alijaliwa kukumbuka: njia aliyoipita mara moja haikumpotea tena.

Bibi yao, Bibi Mize, alikuwa kitandani tangu alipoteleza uani akavunjika nyonga. Macho yake nayo yalikuwa na ukungu. Aliona mwanga na vivuli tu. Siwema ndiye aliyemwogesha, Mbwana ndiye aliyembeba, Chiku ndiye aliyemlisha. Na kwa kuwa runinga ya nyumba ilikuwa chumbani kwake, mashine ya gemu aliyoazima Mbwana ikafungwa humo humo.

"Mnatazama nini na kelele zote hizo?" Bibi akauliza siku ya kwanza.

"Gemu, Bibi. La mazombi."

"Ndiyo nani hao?"

"Watu waliokufa, lakini wanatembea."

Bibi akageuzia sikio runinga. "Kwani hawakuzikwa?"

Basi Bibi akaomba asimuliwe tangu mwanzo, na tangu siku hiyo hawakuthubutu kucheza bila yeye. Lilikuwa gemu la msichana aitwaye Ana, anayemtafuta mama yake katika mji ulioliwa na maradhi. Hadithi yake ilikuwa nzuri kupita kiasi. Ana alikuwa akijisemesha njiani kama mtoto anayepita gizani, na Mbwana alipoyatafsiri maneno yake, Bibi alimjibu kabisa: "Usiogope, mwanangu, tupo."

Lakini maudhi nayo yalikuwamo. Begi la Ana lilibeba vitu vichache mno. Ukichukua dawa, uache risasi. Milango mingine ufunguo wake ulikuwa mwisho wa mji, urudi njia nzima kuufuata. Na hukuweza kuhifadhi ulipofikia mpaka ukute mahali penye kandili inayowaka. "Aliyelitunga ana akili," alisema Bibi, "ila huruma hana."

Na Bibi naye alikuwa na yake. Kila Siwema alipomwangusha mfu, Bibi alitaka gemu lisimamishwe amwombee.

"Bibi, wanakuja wengine!"

"Wangoje. Wao haraka ya nini, na wameshakufa?"

Siku moja Mjomba Hamad akapiga simu kutoka Dodoma. Amepata daktari wa nyonga. Angekuja na gari kumchukua mama yake, akakae huko huko moja kwa moja. Bibi angelazwa kiti cha nyuma, cha mbele kingejaa mizigo, na miguuni pake pangebaki nafasi ya mtu mmoja, wa kwenda kukaa naye na kumtunza.

"Mmoja tu?" aliuliza Bibi. Akawageukia wajukuu, akijua sauti zao zilipo. "Ninyi nyote wanangu, nitamtajaje mmoja? Haya. Atakayenifikisha kwa mama yake Ana, ndiye nitakayekwenda naye."

Alisema huku akicheka. Chiku hakucheka. Mama yake alimwacha katika chumba kile akiwa mdogo, akaenda kutafuta kazi, na tangu hapo Chiku hakuwahi kulala asisikie kikohozi cha Bibi. Akawatazama wenzake, akaona nao hawakucheka.

Sikilizeni sasa alichofanya kila mmoja.

Ana alifika mahali mama yake alipokuwa akifanya kazi, akakuta barua mlangoni. Mbwana akaisoma kimya. Akamtazama Bibi aliyekuwa ameinua shingo kwa shida, homa ya juzi bado haijamtoka vizuri. "Anasema hivi: Mwanangu, nipo ng'ambo ya mto, nyumba ya shangazi yako. Njoo, nakungoja."

"Alhamdulillahi," alisema Bibi, shingo ikalegea juu ya mto. "Angemkataza, ningewaambia mzime hapo hapo. Neno la mama halivukwi, hata kwenye gemu."

Kiingereza cha Chiku kilikuwa cha kuchechemea, lakini maneno ya mwanzo ya barua ile aliyajua. Yalisema: usije. Alimwangalia Mbwana, Mbwana akatazama dirishani. Chiku akanyamaza. Na kama Mbwana asingeyageuza maneno yale, safari ingeishia mlangoni pale.

Wakavuka soko. Kabla hawajaifikia kandili, umeme ukakatika. Uliporudi, mashine ilikuwa imemeza kila kitu, hata yaliyohifadhiwa kwenye kandili za nyuma: Ana amesimama mlango wa kwanza kabisa, kama aliyezaliwa jana. Siwema akaweka chini padi ya kuchezea. Bibi alikuwa amesinzia.

"Mimi basi," alinong'ona. "Tumwambie limekwisha, mama kapatikana, wamekumbatiana. Haoni, atajuaje?"

"Yeye hataona," alisema Chiku. "Sisi je?"

Akakaa sakafuni, akafumba macho. "Toka, kushoto. Ufunguo uko chini ya sinki. Duka la pili usiingie, mmoja kalala nyuma ya friji. Pale penye baiskeli, inama." Siwema akacheza, Chiku akaelekeza, na njia iliyowachukua wiki nzima wakaimaliza kati ya adhuhuri na magharibi. Kama Chiku asingeikumbuka, safari ingebaki mlango wa kwanza.

Likabaki daraja. Lilikuwa bovu, limebaki ubao mmoja, wafu mbele na wafu nyuma, risasi moja begini. Na kitufe cha kurukia kilikuwa kimeanza kukwama. Siwema akaanguka mtoni. Akaanguka tena. Asubuhi ikapita, mchana ukapita, kidole gumba kikatoka lengelenge.

"Tumwite yule kijana wa kibanda cha magemu aje atuvushe," alitania Mbwana. "Wewe leo unatuogesha tu."

"Njoo uvuke wewe na mdomo wako!"

"Pumzika, mwanangu," alisema Bibi.

Siwema akafuta jasho kwa kanga, akageuza padi, kitufe kile kibovu akakigonga kwa kifundo cha kidole badala ya ncha. "Bismillahi." Ana akaruka, akafyatua, akaruka tena. Alipotua ng'ambo, Bibi Mize alipiga kigelegele hali amelala chali, majirani wakaja kuuliza nani kaolewa. Kama si vidole vya Siwema, Ana angelala mtoni.

Asubuhi ya safari, gari la Mjomba Hamad likiwa tayari uani, wakaifikia nyumba ya shangazi. Ana akafungua mlango. Ndani, mwanamke alikuwa akizunguka meza, anapanga sahani, anazitoa, anazipanga tena. Alipogeuka, uso wake ulikuwa ule wa wafu.

Siwema akaachia vitufe.

"Mbona mmenyamaza? Amemwona?"

"Amemwona, Bibi," alisema Mbwana. "Lakini ni mmoja wao."

"Tangu lini?"

Mbwana akapiga magoti kando ya kitanda. "Aling'atwa kabla ya barua. Barua ilisema: usije ng'ambo kwa shangazi yako, nimeng'atwa. Nilikudanganya. Ulikuwa na homa, Bibi, sikuweza kukusomea."

Kwenye runinga mama yule alianza kuja, mikono mbele.

"Bibi, anakuja! Nimpige?" alipiga kelele Siwema.

"Umpige mama yake? Huyo mtoto amevaa nini?"

"Mtandio."

"Mfunike nao. Msitiri."

"Atatung'ata! Tutarudi mwanzo!"

"Siwema. Mfunike."

Siwema akatii. Ana akauvua mtandio, akamfunika mama yake kichwa na uso. Mama akasimama. Kisha akakaa chini polepole, kama mtu aliyechoka siku nyingi, na Ana akalaza kichwa mapajani pake. Gemu lile ambalo halikuwa limewasamehe hata kosa moja likaanza kupandisha majina ya waliolitunga, na muziki laini. Bibi akasoma dua yake mpaka mwisho. Safari hii hakuna aliyemwambia aharakishe.

Mjomba Hamad akaingia, funguo mkononi. "Mama, tuondoke kabla jua halijakuwa kali. Nani anakwenda?"

Hapo Chiku akajua zamu yake imefika. Mbwana kajichafua mwenyewe. Alichotakiwa yeye ni kunyamaza tu, na nafasi ingemjia. Alikiona kikohozi cha Bibi kikienda Dodoma bila yeye. Hata hivyo mdomo wake ukafunguka.

"Bibi, barua ile niliielewa. Nilinyamaza. Sikunyamaza kwa huruma kama Mbwana. Niliiweka akiba, ili siku ya kuchagua nimseme."

Siwema akaanza kulia. "Na mimi nilitaka tukwambie limekwisha. Umeme ulipokatika. Chiku ndiye aliyekataa."

"Lakini vidole ni vyake," alisema Chiku.

"Na njia ni ya Chiku," alisema Mbwana.

"Na wewe usingedanganya, tungezima," alisema Siwema, akamsukuma bega. "Mjinga wewe."

"Nimekuja kuchukua mgonjwa," alisema Mjomba Hamad, "nimekuta mahakama."

Bibi Mize akanyoosha mkono hewani. Mikono mitatu ikaushika kwa pamoja, na kwa ukungu ule wa macho hakuweza kujua upi ni wa nani. Akaishika yote. Jina halikumtoka.

Basi wapenzi, gari linanguruma uani. Yupo Mbwana aliyeisogeza safari kwa uongo wa huruma, kisha akaukiri. Yupo Chiku aliyeirudisha safari ilipopotea, akaficha kisu moyoni, kisha akakitoa mwenyewe. Yupo Siwema aliyekata tamaa umeme ulipokatika, kisha akavuka daraja, akatii alipoogopa. Ahadi ni ahadi, na nafasi ni moja.

Ungekuwa wewe ndiye umeshikwa mikono ile, ungemtaja nani? Nakuomba umtaje, useme na sababu yako. Kisha uwageukie wawili wanaobaki uani, uwaambie neno la kuwaliwaza.