Kabati la Msimu

Bwana Kirobo, mwenye hoteli na uwanja wa kuteleza kwenye theluji, alimwambia mpishi wake Chausiku akodi kabati la msimu la kuwekea mbao zake za kutelezea, la sivyo zingekuwa kuni.

Kodi ilikuwa mshahara wa mwezi mzima. Chausiku alijikuna kichwa.

"Msimu unaisha lini, bosi?"

"Theluji ikiisha hapa kwangu."

"Yote? Hata likibaki tonge moja, kabati bado langu?"

"Hata tonge! Binti, una maswali kama polisi. Unakodi, hukodi?"

"Rudia mbele ya wageni, nakodi."

Akarudia kwa sauti, wageni wakacheka.

Kiangazi mlima ulikauka kabisa. Bwana Kirobo akaja jikoni kudai kodi ya msimu mpya.

"Msimu haujaisha," alisema Chausiku.

"Theluji iko wapi?"

"Kwenye friza yako kubwa. Niliishindilia kwenye kuta zote za ndani, ikagandamana na barafu."

"Naizima sasa hivi!"

"Zima, bosi. Ila samaki wa wageni wote wamo humo. Na lini friza yako imewahi kuwa tupu?"

Bwana Kirobo aliifungua friza, akawatazama samaki, akamtazama Chausiku, kisha akaufunga mlango wa friza polepole, baridi isitoke.