Mstari wa Manjano Mgongoni mwa Buibui

Zamani hizo, wajukuu zangu, kabla ufagio haujawa adui wa buibui, buibui wote walikuwa na rangi moja ya kijivu, na walikuwa wakisema. Mwanamke akiamka alfajiri alimsalimu buibui wake kabla ya kuwasha moto, naye akaitikia kutoka juu kwenye boriti. Siku hizi mnaanza kusalimia simu. Lakini zama zile zilikuwa tamu, na nyumba isiyo na buibui ilihesabiwa nyumba ya ukiwa.

Wakati huo aliishi Bi Kazija, msukaji wa mikeka. Jicho lake ndilo lililompa maringo. Ukimwonyesha kipande cha ukili tu, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, hujafumba mdomo ameshakwambia kimesukwa na nani, na kama siku hiyo msukaji aligombana na mumewe. Juu ya mahali alipozoea kukaa palikuwa na buibui mmoja, rafiki yake tangu alipoingia nyumba ile akiwa bibi harusi. Kila mmoja alisuka kazi yake, huku wakipiga soga mchana kutwa. Na Bi Kazija alipompata Mize, mtoto wake wa pekee aliyemngoja mpaka watu wakaanza kumsema, ni buibui huyo aliyetanda utando juu ya kitanda ili mbu wasipite.

Buibui huyo alikuwa na ndugu yake waliyetoka naye kifuko kimoja cha mayai, sura moja, miguu ile ile. Ndugu huyo alikaa kwenye rundo la kuni, na kuuma kwake kulikuwa kukali. Siku moja akaingia ndani, akamuuma Mize mguuni. Mguu ukavimba, homa ikapanda, mtoto akawa hata kulia hawezi. Makame, baba yake, akawasha mwenge wa makuti.

"Leo nawachoma wote," akasema. "Simtaki hata mmoja."

"Ngoja, baba Mize! Yumo rafiki yangu."

"Yupi? Haya, nionyeshe."

Bi Kazija akatazama juu. Buibui wawili walikuwa wamejibanza kwenye boriti moja, wanatetemeka. Akatazama, akatazama tena, asijue rafiki yake ni yupi. Mtoto akaguna kitandani. Bi Kazija akaokota ufagio, akauinua juu ya yule aliyekuwa karibu.

"Kazija, ni mimi," buibui akasema taratibu, kwa sauti ile aliyoizoea.

Ufagio ukamponyoka. Yule ndugu akaona ametambulikana, akaruka, akaangukia jivu la mekoni, akatimua mbio hadi kwenye kuni huku miguu imeshika pete nyeupe. Bi Kazija akachovya kidole kwenye chungu cha manjano alichokuwa akitilia rangi ukili, akampaka rafiki yake mstari mmoja mgongoni.

"Sasa hakuna atakayekukosea," akasema, machozi yakimtoka.

"Ukili wa kila mwanamke wa mji huu unaujua," buibui akajibu. "Mimi ndiye wa kutiwa alama."

Hakusema tena. Mize alipona, na buibui akarudi juu ya kitanda akaendelea na kazi yake kama kawaida. Bi Kazija alimsalimu alfajiri, akamsalimu jioni, akamwomba radhi, akamhadithia habari zote za mji. Kimya. Aliumia sana, kwani mkeka mrefu ni kazi ngumu ukiusuka bila wa kuzungumza naye.

Na tangu siku hiyo hakuna buibui aliyesema na mtu tena; wa kwenye kuni ana pete nyeupe miguuni, na wa nyumbani ana mstari wa manjano mgongoni, hata mtoto mdogo anaweza kuwatofautisha. Nao wanawake wanaosuka mikeka, wakifagia nyumba, huiacha kona ya juu ya kitanda. Huinua uso wakamsalimu aliyemo, kisha husimama kidogo na ufagio mkononi, huenda leo akaitikia.