Februari na Chungu cha Makaa

Nije nisije?
— Njoo!
Nije na nini?
— Njoo na tamu!
Na ikiunguza?
— Tutaipuliza!

Hapo kale, kale sana, palikuwa na mama akiitwa Bi Mwaka. Watoto wake walikuwa kumi na wawili, nao ndio Miezi. Waliutawala mji wa Mvumoni kwa zamu, mmoja akitoka mwingine anaingia. Siku zao zilikuwa sawasawa. Na kila mmoja mama alimpa chungu cha makaa ya moto, sawasawa, hakuna aliyezidishiwa. Basi mjini hakukuwa na joto wala baridi. Watu hata jasho hawalijui.

Lakini Februari, mtoto wa pili, alikuwa na tamaa. Akasema, "Hivi na mimi nipite tu kama wenzangu? Nani atanikumbuka?"

Januari akiwa bado kwenye zamu yake, Februari akabeba chungu chake, huyoo, kwa mdogo wake Juni. Akaimba:

"Zamu yako bado mbali,
makaa yatazimika;
nipe mimi nikulindie,
siku yako utapewa."

Juni akampa makaa. Akaenda kwa Agosti, akaimba vilevile. Agosti naye akampa. Akaenda kwa Julai. Na Julai huyo alikuwa mvivu, msimwone hivi! Alikuwa kalala, anakoroma. Februari akaimba mara ya tatu. Julai akajibu bila kufumbua macho, "Chukua, kaka, chukua, uniache nilale."

Februari akazoa karibu yote.

Zamu yake ikafika. Akafunua chungu. Lahaula! Mji ukachemka. Visima vikakauka. Kuku wakataga mayai yameshaiva. Mwenye chumvi akala palepale.

Watu walicheka, lakini kicheko hakikudumu. Palikuwa na muuza mafuta ya nazi, Bi Mashavu. Mjukuu wake mchanga alilegea kwa joto, hanyonyi, halii. Bi Mashavu akaenda barazani kwa Februari.

"Bwana Februari, funika chungu. Mtoto anatufia."

"Sifuniki!"

Majirani wakaja, wakamsihi.

"Sifuniki!"

Bi Mashavu akapiga magoti.

"Sifuniki, nasema! Mniite kwanza mfalme wa miezi!"

Bi Mashavu akainuka, akajipangusa magoti, akatabasamu. "Kumbe ndilo hilo? Mfalme tumekwisha kumpata. Ila mfalme gani anakaa mkekani kama sisi? Si kiti chako hicho hapo?" Akakionyesha chungu.

"Kweli kabisa!" wakasema majirani.

"Kalia, bwana wangu, tukupigie vigelegele."

Februari akavimba kwa sifa. Akapandisha kanzu. Akakaa.

"Uwiiii!"

Akaruka, akashuka, akaruka tena. Akatoka mbio, mikono nyuma, kanzu inafuka moshi, akatokomea nje ya mji na siku zake hazijaisha. Ndiyo maana zamu yake ni fupi hadi leo.

Bi Mashavu akamwagia chungu ndoo ya maji. Chwaaa! Jioni ile mtoto akanyonya, na bibi yake akalia kwa furaha. Machi akaitwa mbiombio, hata uso hajanawa, akaukuta mji umejaa mvuke. Ndiyo maana Machi naye hulowesha watu mashati wakiwa wamekaa tu.

Hata zamu ya Julai ilipofika, chungu chake kilikuwa na majivu matupu. Mafuta ya nazi yakaganda chupani, Bi Mashavu akawa anayachokonoa kwa kijiti. Bi Mwaka akasikia, akaja na makaa machache yaliyosalia jikoni kwake.

"Mwanangu, pokea moto wako."

Akamkuta Julai kajifunika blanketi gubigubi, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi.

"Mama, mpe Machi. Mimi sijapata kulala vizuri namna hii."

Bi Mwaka akawageukia watu. "Nanyi mnasemaje?"

Bi Mashavu alikuwa kampakata mjukuu wake, wote wawili wako ndani ya kanga moja. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwache, mama. Na sisi tumelala."

Basi ikawa hivyo.

Ngano yangu imefika kwake, nami naenda kwangu. Funzo lake ni hili: ukipewa cha mwenzio ukitunze, kitunze. Ukijifanya ni chako, kitakuunguza. Anayebisha akamuulize Februari mwenyewe. Ila asimkaribishe kiti.