Siku Mwalimu Alipobaki Uani

Wapendwa, funikeni Biblia zenu kwanza, mziweke magotini. Somo tumelisikia na tutalirudia. Kwa sasa nataka twende wote uani kwa mama mmoja, tuone alichokifanya asubuhi moja, maana mimi jambo lile limenikaa moyoni na haliniachi.

Palikuwa na mwalimu mmoja mstaafu. Alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na miwili, na mtaani kwake hata watu wenye mvi walimwita Mwalimu, kwa sababu ndiye aliyewashikisha penseli. Alipostaafu hakutaka kukaa kibarazani kuangalia wapita njia. Akapata tetea mmoja mwekundu, akamwekea mayai kwenye tenga kuukuu, na vifaranga kumi na mmoja wakatoka.

Jamani, nani hapa amewahi kulea vifaranga? Basi mnajua. Mwewe anawataka, kicheche anawataka, na kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikipita kinafagia mtaa mzima. Mwalimu alikaa uani na fimbo kama yuko zamu ya shule. Aliwakatakatia mchicha, akawachanganyia pumba na vumbi la dagaa, akamwita bwana mifugo awatie matone ya chanjo machoni, mmoja mmoja. Wawili walikwenda na mwewe. Tisa wakakua. Mgeni yeyote aliyefika pale, kabla hajapewa kiti, alipelekwa bandani kwanza.

"Hawa ni wangu kutoka yai," alisema, na kifua kilimjaa.

Alikuwepo jogoo mmoja aliyetembea ameinua shingo, anachungulia kila kona, anadonoa hapa, anakataa pale. Mwalimu akampa jina la Mkaguzi, kwa sababu ndivyo wakaguzi walivyokuwa wakiingia darasani kwake.

Sasa bintiye akajifungua. Alijifungua kwa upasuaji, na damu ilimtoka nyingi mno. Aliporudi nyumbani kwa mama yake na kichanga mkononi, midomo ilikuwa myeupe, na kutoka kitandani hadi mlangoni alishika ukuta. Hospitali walisema ale, ale sana, apate nguvu. Na kwetu mzazi hula nini? Supu ya kuku wa kienyeji, ya moto, yenye pilipili manga. Mwalimu akasema, "Mwanangu hatakunywa supu ya kuku wa kununua wakati mimi nina banda." Akamshika Mkaguzi, maana ndiye aliyekuwa amenona kuliko wote.

Hapo ndipo penye shida. Mwalimu huyu alikuwa hajawahi kuchinja kuku hata siku moja. Sikukuu zote na wageni wote, kuku wake walichinjwa na fundi viatu wa nyumba ya tatu, mtu mpole wa maneno machache. Na mtaa mzima ulimwita huyo huyo. Kila mara Mwalimu alimkabidhi kuku aliyefungwa miguu, akaingia ndani, akafunga mlango, akaongeza sauti ya redio. Baada ya muda anasikia hodi. Anafungua, kuku yuko kwenye beseni, ameshanyonyolewa, mweupe kama alinunuliwa hivyo. Fundi anapewa kichwa na miguu kwenye mfuko. "Ahsante sana, Fundi." Mlango unafungwa tena.

Asubuhi ile Mwalimu alimkuta Fundi amekaa nje ya kibanda chake, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kwenye kiganja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fundi. Nini tena hiki?"

"Kisu cha kukatia soli kiliteleza juzi. Nimeshonwa nyuzi sita. Hata kijiko sishiki."

Mwalimu akaanza kutafuta mwanaume mwingine. Akamwendea dereva bodaboda aliyeegesha pale kwenye kona, kijana wa mabega mapana ambaye kila mtu alimwogopa kwa ubishi wake. Alipoonyeshwa jogoo na kisu, alirudi nyuma hatua mbili.

"Mama, mimi nitume popote, hata milimani nitakupeleka bure. Lakini damu, hapana. Nitaanguka hapa hapa."

Akaenda kwa mwenye duka. Mwenye duka akakumbuka ghafla kwamba ana mzigo wa kupokea. Mnacheka! Mnacheka kwa sababu mnajijua.

Mwalimu akarudi nyumbani na Mkaguzi kwapani, moyo wa yule jogoo unapiga kwenye mbavu za Mwalimu mwenyewe. Kupitia dirishani akamwona bintiye akijaribu kunyonyesha, na maziwa hayatoki vizuri, na mtoto analia kile kilio chembamba cha njaa. Akasimama hapo kidogo. Halafu akageuka, akatoka tena hadi kwa fundi viatu.

"Fundi, mkono wako ni mgonjwa, lakini mdomo mzima. Njoo unielekeze."

Fundi alimtazama, kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia sawasawa. Kisha akainuka.

Uani, Fundi alimwambia kwanza akinoe kisu upya. Mwalimu akakinoa kwenye jiwe. Akamwambia amkanyage jogoo mabawa kwa mguu mmoja na miguu kwa mguu wa pili, taratibu, asimuumize. Akamwambia ashike kichwa kwa mkono wa kushoto, avute shingo, anyofoe manyoya machache. Mwalimu akafanya. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Mkaguzi akamtazama kwa jicho moja, lile jicho la rangi ya chungwa ambalo miezi minane lilikuwa likimtazama kila anapokuja na bakuli.

"Siwezi, Fundi."

"Utaweza. Ila ukiogopa katikati utamtesa. Omba kwanza, kisha uanze, na ukianza umalize."

Mwalimu akafumba macho. Anasema maneno ya sala yalimpotea yote, yeye aliyeongoza sala za shule miaka yote ile. Alichosema ni, "Mungu wangu, huyu ulinipa wewe. Nisamehe, na umponye mwanangu." Akafumbua macho. Akakata mara moja, kwa nguvu, hadi mwisho. Na hakuachia. Alimshika vile vile mpaka mabawa yalipotulia chini ya mguu wake, mpaka damu ya moto ikaacha kumpigapiga mkononi.

Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mkono ulikuwa umetulia.

"Vizuri sana," akasema Fundi. "Hata mimi mara ya kwanza sikumaliza vile. Nilimwachia, akanikimbia na shingo imekatwa nusu. Wewe umemheshimu."

Mwalimu akamchovya jogoo kwenye maji ya moto, akamnyonyoa, akambabua vinyoya vilivyobaki kwenye moto wa mkaa. Alipompasua, Fundi alimwonyesha nyongo ilipo, asiitoboe. Akaitoa nzima. Akaishika juu kwa vidole viwili kama mwanafunzi aliyepata mia kwa mia, na wote wawili wakacheka. Nawaambia, mama yule alijisikia mrefu. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na alikuwa amejifunza jambo jipya kwa mikono yake, kwa ajili ya mtoto wake, na hakukimbia.

Ndipo, huku anaosha firigisi, akauliza swali la kawaida tu.

"Ila wewe Fundi umeshazoea. Wewe husikii kitu."

Fundi akautazama mkono wake wenye bendeji.

"Kuzoea, Mwalimu? Macho yao hunifuata mpaka jioni. Siku nikichinja watatu wanne, za sikukuu, nikifika nyumbani siongei. Mke wangu anajua, ananiletea chai na kunipisha."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Ningemwambia nani? Miaka kumi na tisa nachinja kuku wa mtaa huu. Leo ndiyo mara ya kwanza mwenye kuku amebaki nje."

Mwalimu akaacha kuosha. Mikono ikabaki kwenye maji.

Supu ilipoiva, binti aliinywa bakuli la kwanza hadi jasho likamtoka kwenye paji la uso. Akaomba la pili. Alipoambiwa nani amechinja, alichukua simu akampigia mumewe saa ile ile: "Mama amemchinja Mkaguzi mwenyewe! Kwa mikono yake!" Na Mwalimu, laiti mngemwona, alikuwa amesimama mlangoni amejishika kiuno, anatabasamu.

Nje, Fundi alikuwa anasubiri mfuko wake wa kichwa na miguu ili aende. Mwalimu akamfungulia mlango wote.

"Leo huondoki na mfuko. Ingia ndani."

Miaka kumi na tisa, mtu yule hakuwahi kuiona sebule ile. Akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kiti. Mwalimu akapiga magoti, akamnawisha mkono ule mzima, akamwekea paja lote kwenye sahani, akakaa naye, wakala.

Wapendwa, mtu asije akasema mchungaji leo amefundisha kuchinja. Fahari ya Mwalimu siikatazi. Natamani kila mmoja wetu aipate. Mungu anapenda kumwona mtu aliyetetemeka na hakukimbia. Lakini sisi je? Ni mambo mangapi tunayakabidhi mlangoni na kuongeza sauti ya redio? Mgonjwa anayejisaidia kitandani, nani anamgeuza? Marehemu wetu wanaovalishwa vizuri hadi tunasema wamelala tu, ni mikono ya nani iliyowaosha kwanza, na yenyewe ilirudi nyumbani na nini? Tunasema, "Wale wameshazoea." Nani alituambia wamezoea? Tumewahi kuwauliza?

Jumanne tulimzika mzee wetu wa kanisa. Mimi nilisimama juu ya udongo mbichi, nikasoma, nikaomba, na wengi mlinishika mkono mkasema mchungaji umehubiri. Kaburi lile lilichimbwa tangu asubuhi, kwenye mawe, na mvua ikinyesha. Walichimba watu wanne. Nawauliza, na ninajiuliza kwanza mimi mwenyewe: majina yao ni nani?

Mmenyamaza. Mimi pia nilinyamaza, jana, mke wangu aliponiuliza. Nikatoka nikaenda kuwatafuta. Wako hapa leo, benchi la nyuma, karibu na mlango. Kabla ya sadaka, kabla ya wimbo wowote, naomba tuwafungulie njia waje wakae hapa mbele. Ndugu zangu, karibuni.