Udi Haukaushi Godoro

Udi haukaushi godoro. Mmeusikia msemo huu leo asubuhi kwa shangazi yenu Kidawa, alipomrudishia mkwewe doti ya kanga aliyoletewa badala ya kuombwa radhi, nanyi mkacheka kwa kuwa hamkujua alichosema. Mliponiuliza niliwaambia msubiri nimalize chai. Chai sasa imekwisha. Msemo wenyewe si wa kale kama mnavyodhani, na baadhi ya waliouzaa nimekula nao pilau sinia moja. Basi kisa chake ni hiki.

Hapa hapa Muheza palikuwa na dereva akiitwa Mbaruku, mtoto wa pekee wa Bi Mwanakheri. Alikuwa mtu mwema, mchapakazi, mwepesi wa kuahidi. Aliwaendesha wapima barabara miaka sita, na kazi ilipokwisha wakamwachia gari lao la kulala, lile lenye kitanda nyuma, kabati na jiko dogo la gesi. Kwa kuwa lilibeba nyumba mgongoni, watu wa mtaani wakaliita Kobe. Mbaruku alilipenda mno. Alilivisha plaiwudi ndani kwa mikono yake mwenyewe, akaipaka rangi ya kijani, na hakuna mgeni aliyepita kwake asionyeshwe.

Mama yake alivunjika nyonga, ikaungana vibaya. Kukaa kwenye kiti cha basi hata nusu saa hakuweza. Naye alikuwa na mdogo wake, Bi Mize, aliyeolewa Ujiji, na hawakuwa wameonana miaka kumi na tisa. Kila Ijumaa walizungumza kwa simu mpaka sikio likapata moto. Mbaruku alimwahidi mama yake kwamba baada ya masika atamlaza ndani ya Kobe na kumfikisha Ujiji amelala, bila nyonga kumuuma.

Masika ya mwaka ule Mbaruku alipata kazi ya wiki tatu Handeni, akaliacha gari chini ya mfenesi nyuma ya nyumba. Ninyi ni watoto wa Muheza, hamhitaji kuambiwa fenesi likianguka hufanya nini. Liliangukia ukingo wa paa, bati likaachana kidogo tu, upana wa ukucha. Mvua haikuhitaji zaidi ya hapo. Kwa wiki tatu maji yalipita yakashuka nyuma ya ile plaiwudi nzuri, yakaingia chini ya kitanda, yakatulia.

Aliporudi na kufungua mlango, uvundo ulimsukuma akarudi nyuma hatua mbili. Alifuta sakafu, akaziba ufa wa paa, akamwita Mzee Shemdoe, fundi seremala wa jirani. Shemdoe aliingia ndani. Alibonyeza ubao kwa kiganja, nao ukabonyea.

"Ng'oa mbao zote za chini," alisema. "Godoro litoe nje, milango iache wazi, gari lipigwe na jua siku saba. Kisha ufute kwa siki, uweke mkaa ndani unyonye harufu iliyobaki. Njia nyingine yoyote, Bwana Mbaruku, ni kujidanganya."

Siku saba. Kwa bahati mbaya, jioni ya siku ile ile Chausiku, binti yake Bi Mize, alipiga simu kutoka Ujiji. Alisema mama yake amedhoofu, uji kikombe kimoja haumalizi, na kila akiamka anamtaja dada yake. Mbaruku alipozirudia zile siku saba moyoni, aliziona kama mwizi aliyesimama kati ya mama yake na Bi Mize. Na hilo la haraka haraka haina baraka alilijua kama mnavyolijua ninyi. Tena, nisimfiche, alizionea huruma mbao zake.

Sasa mjue kwamba Bi Mwanakheri alikuwa mpishi wa udi. Hakuna bibi harusi wa mtaa ule aliyetoka bila udi wake. Alikuwa amepika kopo zima la kumpelekea mdogo wake. Mbaruku alichota nusu ya kopo lile bila kuuliza, akawasha chetezo, akafunga madirisha yote ya Kobe, akafukiza asubuhi na jioni kwa siku tatu. Godoro aliligeuza, upande mkavu ukawa juu. Sakafuni akatandika mkeka mpya. Ukutani palipokuwa na doa la maji, upande wa kulaza kichwa, akatundika kanga.

Siku ya safari Bi Mwanakheri alisimama mlangoni na mkongojo wake, akanusa.

"Huu si udi wangu?"

"Ni wako, mama. Nimekufukizia usafiri kama bibi harusi."

Mama yake alicheka, na kwa siku nyingi hakuwa amecheka vile. Akainuliwa, akalazwa. Kicheko kile ndicho kilichomtesa Mbaruku baadaye kuliko lawama zote.

Mpaka Chalinze safari ilikuwa njema. Lakini jua lilipolichoma bati, unyevu uliokuwa chini ulianza kupanda, na vumbi la malori liliwafanya wafunge vioo. Walilala Morogoro. Asubuhi macho ya Bi Mwanakheri yalikuwa yamevimba, na alipoulizwa akasema ni uchovu wa njia. Walipopita Gairo, Mbaruku akiwa kwenye usukani, akasikia mama yake akikohoa nyuma. Kikohozi kikawa hakikatiki. Alisimamisha gari, akaenda kufungua mlango wa nyuma.

Uvundo wa koga ulikuwa umerudi, na juu yake udi, na viwili hivyo pamoja vilikuwa vibaya kuliko kimoja peke yake. Mama yake ameketi kitandani, ameshika ukingo wa dirisha, anaivuta pumzi kwa mabega. Mbaruku alifungua kila kilichofunguka, akaendesha hadi hospitalini Dodoma huku akimwomba Mungu kwa sauti.

Bi Mwanakheri aliwekewa hewa. Muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo, aliuliza mgonjwa alikuwa akilala wapi, akatoka mwenyewe kwenda kutazama. Aliinua pembe ya godoro. Chini palikuwa peusi kama tako la chungu.

"Mama yako kalala juu ya hiki?" aliuliza.

Jioni, mama alipoweza kusema, alimwita akae karibu.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na Shemdoe aliliona gari?"

"Aliliona. Alisema siku saba. Niliogopa tusije tukamkosa mama mdogo."

Bi Mwanakheri alifumba macho, na Mbaruku akadhani amelala.

"Nguo hufuliwa," alisema mama bila kuyafumbua, "ikaanikwa, ndipo ikafukizwa. Umekua ukiniona nikifanya hivyo. Ungeniambia, mwanangu. Ningekaa hizo siku saba nikimwombea Mize."

Kesho yake Mbaruku aliomba nafasi kwenye ua wa jamaa mmoja, akafanya yale aliyopaswa kufanya Muheza. Aling'oa ile plaiwudi yake ya kijani, ubao baada ya ubao, na nyuma ya kila ubao akakuta koga. Godoro alilichoma moto. Alisugua kwa siki mpaka vidole vikachubuka, akaacha milango wazi, akaweka mkaa kwenye makarai. Jua la Dodoma ni kavu, halina mzaha. Siku ya tano ndani ya Kobe hapakuwa na harufu yoyote, si ya koga wala ya udi. Aliketi sakafuni mle akalia, kwa kuona jinsi lilivyokuwa jambo rahisi.

Madaktari walimzuia Bi Mwanakheri siku kumi na moja, na kwa simu Mbaruku alimwambia Chausiku tu kwamba wamekwama Dodoma. Siku ya tisa, baada ya swala ya alasiri, Chausiku akapiga simu. Bi Mize amefariki.

Hesabu mnaweza kuifanya wenyewe. Siku saba za jua na siku nne za njia zingewafikisha Ujiji siku tatu kabla ya mauti. Mbaruku aliifanya hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa lile lile.

Aliporuhusiwa, Bi Mwanakheri hakutaka kurudi Muheza. Alisema kama hakumkuta Mize, ataliona hata kaburi lake. Walifika Ujiji siku ya tano baada ya mazishi, matanga yamekwisha, ndugu wachache wamebaki barazani. Bi Mwanakheri alikalishwa mkekani juu ya mito. Watu walimpa pole, naye akaipokea. Kisha Chausiku, aliyemwuguza mama yake hadi mwisho, akamgeukia Mbaruku na kumwuliza kwa upole ni nini kiliwakwamisha Dodoma muda wote ule.

Barazani wote walimtazama, na Mbaruku akashindwa.

"Gari lilituharibikia Dodoma, dada," alisema.

Watu wakaguna kwa huruma. Mmoja akaanza kusema mabaya ya barabara. Hapo Bi Mwanakheri akainua uso.

"Mbaruku," alisema. "Udi haukaushi godoro."

Wale wa barazani hawakuelewa, lakini Mbaruku alielewa, na uso wake uliiva. Alishuka kutoka kwenye kiti, akaketi chini mbele ya Chausiku, akaanza upya. Alieleza habari za fenesi, na siku saba za Shemdoe, na nusu kopo la udi, na kanga aliyoitundika juu ya doa. Alisema gari halikuharibika njiani, bali alilitoa nyumbani likiwa bovu, akijua. Alisema angesubiri wangefika kwa wakati.

Chausiku alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kila asubuhi alikuwa akiniuliza mmefika wapi," alisema. "Nikawa namjibu, Dodoma. Kesho yake anauliza tena, namjibu Dodoma. Siku ya nane hakuuliza."

Chausiku alimsamehe, tena siku hiyo hiyo, kwa sababu aliambiwa kweli. Lakini kusamehewa hakukumrudisha Bi Mize. Mbaruku aliishi miaka mingi, na Kobe hakunuka tena kamwe. Mara nyingi alimwuliza mama yake kama angependa kusafiri, popote, na mama yake alimjibu kwamba aliyekuwa akitaka kumwendea alikwisha kwenda.

Msemo ulitoka kwenye baraza ile ukarudi nao hadi hapa Muheza, na aliyeusema mara nyingi kuliko wote alikuwa Mbaruku mwenyewe, dhidi ya nafsi yake. Akimwona mtu anapamba asichotaka kutengeneza, anaweka zawadi mahali pa kweli, alimvuta kando na kumwambia polepole, kama mtu anayejua inavyouma: ndugu yangu, udi haukaushi godoro.