Aliyekuwa Akimwita Nakijwa

Ting, ting, ting. Kijiko juu ya kikombe cha bati, gizani, kabla jogoo hajajisumbua kuwika.

"Dawa haimwiti mgonjwa. Methali hii ilianza hivi, kwa mlio huo," alisema Shangazi Nanzia. Vijana walikuwa uani wakiosha tangawizi. Walikuwa wamemsikia jirani akipita njiani, akimwambia mkamwana wake maneno hayo kwa ukali, nao wakataka kujua yalikotoka. Shangazi alivuta kigoda, akawasimulia.

Huku huku milimani kwetu aliishi Bibi Nakijwa na mumewe, Mzee Senzota. Nakijwa alikuwa na presha, na kusahau nako kulikuwa kumeshamwanza. Angeweza kuingia jikoni kufuata chumvi akatoka na ufagio, halafu akauuliza ufagio umefuata nini. Vidonge vyake vilikaa kwenye kopo dirishani, karibu na kitanda. Lakini hakuvikumbuka kwa kuviona. Kila alfajiri, kabla ya kwenda kulifungulia shamba maji ya mfereji, Mzee Senzota alichemsha chai, akakigonga kikombe kwa kijiko.

"Bibi harusi, amka umeze kidonge chako."

"Ningekuwa bibi harusi ungeniletea asali."

"Asali uliimaliza mwaka ule ule tuliooana. Haya, fungua kinywa."

Alicheka, akameza. Akazoea hivyo mpaka akawa hajui tena kwamba anakunywa dawa. Alilolijua ni kwamba asubuhi mumewe humwita, naye huitika.

Msimu wa kupanda maharage, Mzee Senzota alianguka kando ya mfereji, jembe bado mkononi. Hawakuwahi hata kumfikisha barabarani akiwa hai.

Nyumba ikajaa. Binti mkubwa, Apaisaria, alifika kutoka mjini pamoja na wadogo zake. Naetwe, mkamwana aliyeishi ua mmoja na wakwe zake, alipika makande sufuria juu ya sufuria, akaazima magodoro kwa majirani, akasahau hata kuchana nywele. Nakijwa walimkalisha chumbani kwake, wanawake wakamzunguka. Hakuachwa peke yake hata alipokwenda chooni.

Hata hivyo, kila alfajiri alizinduka kabla ya wote, akakaa kitako akisikiliza. Alisikia mtu akikohoa, mtoto akililia titi, kuni zikivunjwa nje. Alingoja, na alichokingoja hakikuja.

"Mama, unatafuta nini?" Apaisaria alimuuliza.

"Sijui, mwanangu. Kuna kitu nakingoja."

"Ni baba, mama. Lia tu, usijizuie."

Akalia, maana hilo nalo lilikuwa kweli.

Kichwa kilipomuuma, walisema ni kilio. Aliposhika ukuta kwa kizunguzungu, walisema mume ni mume, uchungu wake si wa kuja na kuondoka. Wakamnywesha uji, wakamkanda miguu, wakamwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti za chini. Na kopo liko pale pale dirishani, mbele ya macho yao wote. Kuna aliyelisogeza ili apate pa kuweka sahani, kisha akalirudisha kwa adabu mahali pake.

Naetwe aliliona. Mara mbili tatu ulimi ulimwasha aulize, akaumeza. Alijiambia kwamba mabinti wakishafika, mama ni wao. Mkamwana akijitia mbele, wataulizana anataka kuonyesha nini.

Apaisaria naye aliliona. Yeye alijiambia kwamba anayeishi na mama ndiye anayezijua dawa zake. Akiuliza, wifi yake atadhani amekuja kumkagua. Basi kila mmoja alimheshimu mwenzake, na Nakijwa akaachwa katikati ya heshima hiyo.

Asubuhi ya kuanua matanga, Nakijwa alinyoosha mkono apokee kikombe cha chai. Aliuona mkono wake ukilegea, kikombe kikimponyoka. Alitaka kuwaambia wasihangaike, ataokota mwenyewe. Alilisikia neno likimtoka kinywani, na halikuwa neno. Mdomo ulikuwa umekwenda upande.

Walimshusha kwa machela hadi zahanati ya bondeni. Mganga alimfunga mpira mkononi akampima presha, akapima tena, akainua uso.

"Huyu mama dawa amekunywa lini?"

Wanawake wakatazamana.

"Wifi, si wewe unayeishi naye?" Apaisaria alisema.

"Naishi naye, wifi. Lakini nyinyi mlipokuja nikajua mama yuko mikononi mwa watoto wake. Mimi ningeanzaje?"

"Ungeanza kwa kusema!"

"Na wewe ulilala naye chumba kimoja. Hukuwa na mdomo?"

"Naetwe, usinifanye nimemuua mama yangu!"

"Hajafa," mganga alisema taratibu. "Anawasikia."

Hapo wote wawili wakamgeukia mama kitandani. Mmoja wao alianza kulia, kisha wa pili, na haikujulikana nani anamliza mwenzake.

"Dawa zilimwishia?" mganga akauliza.

Aliyejibu alikuwa Bibi Mwajuma, dada yake Nakijwa, kikongwe aliyekataa kubaki nyumbani na sasa alikuwa amekaa mlangoni akihema kwa mteremko.

"Hazikumwishia, baba. Zilikuwa dirishani. Mimi mwenyewe nimeziona kila siku nikafurahi, nikasema mdogo wangu ana dawa zake." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Dawa haimwiti mgonjwa. Aliyekuwa akimwita tumemzika."

Nakijwa, juu ya kitanda, alifumba macho. Labda ndipo alipojua alikuwa akingoja nini alfajiri zile zote. Hakuweza kuwaambia, na hakuweza tena kusema lolote mpaka alipofariki, maharage yale aliyoyapanda mumewe yakiwa yameshavunwa. Naetwe ndiye aliyemwita asubuhi zote zilizobaki. Apaisaria alipiga simu kila jioni kutoka mjini, na hakuogopa tena kuuliza, "Wifi, mama amekunywa?" Naetwe naye hakuona kwamba anakaguliwa.

"Tangu hapo," alisema Shangazi Nanzia, "msiba ukitokea huku kwetu, kabla hatujapanga nani atachota maji na nani atakaa jikoni, mtu husimama akauliza: mfiwa anaitwa na nani? Lazima litajwe jina. Tusiseme 'sisi sote', maana sisi sote tulikuwepo kwa Nakijwa. Na si kwenye msiba tu. Mzee anaweza kuwa na kabati zima la dawa akafa kwa kukosa sauti moja. Dawa haimwiti mgonjwa."

Maji ya karai yalikuwa yametulia, tangawizi imezama chini.

Namvua, mdogo kuliko wote, alisimama akaipangusa mikono yake kwenye gauni. Mama yake ndiye aliyekuwa akimwita Babu asubuhi, na siku hiyo mama alikuwa ameteremka gulioni tangu giza. Mtoto aliutazama mlango wa Babu uliokuwa umerudishwa nusu, akasema kwa sauti:

"Babu hajanywa dawa leo."