Mizinga ya Shija

Hapo zamani, enyi mnaonisikiliza, katika kijiji cha warina asali huko kwenye miombo, wanaume wawili waliingia msituni, akarudi mmoja. Aliyerudi ni Ndekeja, uso umevimba, ulimi hausemi. Aliyebaki ni rafiki yake Shija, mtoto pekee wa Nyamizi. Walimkuta chini ya mti, shingo imevunjika.

Sasa, warina wana mwiko wao: mizinga ya marehemu haiguswi mpaka aliyekuwa naye aseme alivyokufa. Na Nyamizi hakuwa na shamba wala mume, riziki yake ilikuwa mizinga ile. Mkuu wa kijiji akaona nyuki wataihama bure, akatangaza: "Atakayemfanya Ndekeja aseme, mizinga ya Shija ni yake."

Vijana wakaja kumfukiza kwa moshi wa pilipili. Kapaya, mdogo wake Ndekeja, akasimama mlangoni na shoka. "Neno likiiva litatoka lenyewe. Mkitaka kulikamua, anzeni na mimi." Wakarudi walikotoka.

Kalunde, mke wa Ndekeja, akampikia mumewe, akamwogesha, hakuuliza kitu. Mvua zikaja zikapita, hakuuliza kitu.

Na Nyamizi? Naye akaja, kila asubuhi, akaketi karibu na Ndekeja akisuka mkeka. Njaa ilimuuma, na mtu mwenye njaa si wa kusubiri. Lakini alisema tu: "Baba, sema au usiseme, wewe ni mwanangu. Utakaloleta nitalipokea."

Asubuhi moja, majirani wamejaa uani wakipura kunde, Ndekeja akafungua mdomo.

"Shija alikuwa juu mtini, nami chini nimeshika kamba yake. Nyuki wakanivamia, nikaiachia. Shija aliniita kwa jina, nami nikakimbia."

Mkeka ukamtoka Nyamizi mikononi. Alitaka kuinuka. Miguu ilikataa, au yeye ndiye aliyeikataza, mpaka leo hajui.

"Endelea, mwanangu," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Nasikia."

Ndekeja akalia, akasema yote.

Mkuu akaitwa aamue mizinga ni ya nani. Kapaya akasema, "Bila mimi mngemuua kwa moshi, na neno lingekufa naye."

Kalunde akasema, "Mimi nilijua. Alikuwa akisema usingizini. Nilijua alichofanya, na bado nikamlisha, nikalala naye. Mama Nyamizi alipokea mzigo asioujua."

Nyamizi akamgeukia. Hili lilimchoma kuliko lile la kwanza. "Ulijua, Kalunde? Na kila asubuhi ukanipa kigoda nikae?"

"Nilijua, mama. Ndiyo maana nilikupa."

Kapaya akauliza, "Na wewe, mama, ulimketia ndugu yangu au uliiketia mizinga?"

"Vyote viwili, sitakudanganya," akajibu Nyamizi. "Ila alipotaja jina la mwanangu, mizinga niliisahau. Na sikuinuka."

Mkuu akajikuna kichwa, akaenda zake. Ninyi msijikune, maana nyuki hawangoji. Yupo aliyemlinda asilazimishwe. Yupo aliyempenda akijua, akamficha mama ukweli. Yupo aliyempokea bila kujua, kisha akajua, akabaki ameketi. Je, nani alistahili kurina asali ya Shija?